Kazi Idumuyo: Kuchuma Pasipo Kukata Shina

*Maneno yaliyosomwa na mwalimu wa dini mbele ya walimu, wazee wa parokia na wasimamizi wa kazi za jimbo, katika mkutano wa Jubilei*



Wengine wamepewa kazi ya kueleza habari za mwanzo wa jimbo letu, nao wamezieleza vema. Mimi nimeamriwa na halmashauri ya Jubilei niseme juu ya kazi zetu za mikono, yaani shule za bweni, mashamba, vinu, maduka na matanuru ya matofali. Basi maneno yangu si ya miaka iliyopita, bali ni ya miaka ijayo. Nauliza swali moja tu: Je, kazi hizi tulizo nazo, na zile tutakazozianzisha kwa fedha za Jubilei, zitakuwapo siku wajukuu wetu watakapoifanya Jubilei yao? Na kama zitakuwapo, je, kilima, mto na msitu vitakuwapo pia?

Swali hili si la kujifurahisha. Baada ya chakula cha mchana mtaulizwa shauri. Wako wanaotaka fedha zile zijenge tanuru kubwa la matofali, nalo litakula kuni za kilima kile kilicho juu ya chemchemi. Wako wanaotaka zitengeneze kwanza majiko ya shule ya bweni. Na wako wanaosema, Tufanye vyote viwili, kisha tuchague kamati ndogo ya kupanda miti, mambo yaishe. Naomba mnivumilie kidogo, maana kabla ya kupiga kura yafaa tujue wenzetu waliokwisha kuipita njia hii walipata nini na walikwama wapi.

1. Neno hili lilikotoka

Siku hizi neno "uendelevu" lasikika kila mahali, katika redio, katika magazeti, na katika barua za wafadhili. Watu wengi hudhani ni neno la jana. Sivyo. Zaidi ya miaka 300 iliyopita, katika nchi ya Saxony huko Ujerumani, palikuwa na machimbo ya fedha karibu na mji wa Freiberg. Kuyeyusha mawe ya fedha kwataka moto mkali, na kuyazuia mashimo yasianguke kwataka magogo. Wakakata miti mwaka hata mwaka, hata misitu ya karibu ikapunguka sana, na magogo yakawa haba na ghali. Mkuu mmoja wa machimbo, jina lake Hans Carl von Carlowitz, akaandika kitabu kikubwa mwaka 1713 akiwafundisha watu kwamba msitu sharti utumiwe kwa kiasi ambacho waweza kumea tena. Mtu huyu hakuwa mlinzi wa msitu wala mshairi wa kusifu ndege. Alikuwa mtu wa machimbo na hesabu. Alitambua kwamba siku kuni zitakapokwisha, fedha itabaki ardhini, na wachimbaji watakwenda kwao mikono mitupu.

Walimu, hapa pana hesabu mwezayo kuwapa watoto wa darasa la tano. Tuseme parokia ina shamba la miti 2,000 iliyokomaa, na mti wahitaji miaka 8 upate kufaa kwa kuni. Gawanya 2,000 kwa 8, wapata 250. Ukikata miti 250 kila mwaka na kupanda 250 mingine, shamba halitakwisha milele. Lakini ukikata 400 kwa mwaka, mwaka wa tano umekwisha kukata yote, na ile uliyoipanda mwaka wa kwanza ina miaka minne tu. Itakupasa kungoja minne mingine, na tanuru limezimika.

Sasa tazameni jambo lililo gumu zaidi. Katika miaka ile mitano, daftari la mweka hazina litaandika faida. Matofali yameuzwa, fedha imeingia, wajumbe wamepiga makofi. Kumbe sehemu ya fedha ile haikuwa faida. Ilikuwa mtaji ulioliwa. Wazee walisema, Chovya chovya humaliza buyu la asali. Daftari letu huandika asali iliyochovywa, lakini halina ukurasa wa kuandika buyu. Hilo ndilo shina la maneno yangu yote.

Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa, chini ya Bibi Gro Harlem Brundtland aliyekuwa Waziri Mkuu wa Norwe, ililitangaza wazo hili kwa dunia nzima, kwamba kizazi cha leo kijipatie mahitaji yake bila kuwanyang'anya watakaokuja uwezo wa kupata yao. Tangu hapo makampuni mengi yameandika maneno mazuri. Waliogeuza kazi yenyewe ni wachache. Nitawapa habari za mmoja wa wachache hao.

2. Habari za mtengeneza mazulia

Katika jimbo la Georgia, nchi ya Marekani, alikuwako mtu aliyeitwa Ray Anderson. Mwaka 1973 alianzisha kampuni ya kutengeneza mazulia ya vipande vya mraba, yale ambayo hutandikwa maofisini kipande kando ya kipande. Kampuni ikaitwa Interface. Ikastawi, ikauza katika nchi nyingi. Mazulia yale hufumwa kwa nailoni, na nailoni hutoka katika mafuta ya ardhini. Hivyo kiwanda kilikula mafuta mwanzo hata mwisho: mafuta ya kufanyia nyuzi, mafuta ya kuendeshea mitambo, na zulia likichakaa likatupwa jalalani, nalo halikuoza.

Kwa miaka 21 Anderson hakuona neno baya katika kazi yake. Alizishika sheria za nchi, alilipa mishahara, akatosheka. Mwaka 1994 wanunuzi walianza kuwauliza watu wake, Kampuni yenu yafanya nini juu ya ardhi, maji na hewa? Wakakosa jibu. Wakakusanya baraza dogo, wakamwomba mkuu wao aje alifungue kwa hotuba. Mzee huyu, ambaye sasa alikuwa na miaka 60, aliona kwamba hana la kusema zaidi ya kuwaambia waendelee kuzishika sheria. Siku zile zile kitabu cha Paul Hawken juu ya biashara na viumbe kikafika mezani pake. Akakisoma, na yale aliyoyasoma juu ya uharibifu wa viwanda yakamchoma. Mwenyewe alisema mara nyingi baadaye kwamba yalikuwa kama mkuki kifuani.

Naam, watu wengi huchomwa moyo, na asubuhi jeraha limepona. Anderson hakuishia katika majuto. Alisimama mbele ya baraza lile akawawekea shabaha, kwamba kampuni ifike mahali ambapo haitaidhuru dunia hata kidogo. Baadaye ikawekwa na siku: mwisho wa mwaka 2020. Aliulinganisha mwendo huo na kupanda mlima wenye nyuso saba: kuondoa upotevu, kuondoa sumu katika moshi na maji machafu, kutumia nguvu za jua, upepo na nyinginezo zisizokwisha, kurudisha zulia la zamani liwe zulia jipya, kusafirisha kwa njia zisizochafua, kuwaelimisha watu wote wanaohusika, na mwisho, kuigeuza biashara yenyewe.

Angalieni, ndugu, hakuunda kamati ndogo ya mazingira na kuipa chumba cha nyuma. Shabaha ile ilitiwa ndani ya kazi ya kila mtu, yule anunuaye nyuzi, yule achoraye zulia, fundi wa mitambo, na mwenye daftari la fedha.

3. Mambo matano yaliyofanya kazi ile isimame

Jambo la kwanza ni kwamba walianza na upotevu. Mwaka 1995 waliunda vikundi vya wafanyakazi katika viwanda vyao, wakavipa kazi ya kutafuta kila kilichopotea. Wakaeleza upotevu kwa maneno mapana: gharama yoyote iingiayo katika kazi bila kumfaa mnunuzi ni upotevu. Uzi uliokatika ni upotevu, hata gari lililorudi tupu. Aliyejua mahali pa upotevu hakuwa mkubwa wa ofisi, bali mtu asimamaye kwenye mtambo toka asubuhi. Hivyo wakubwa walilazimika kujifunza kusikiliza. Mwaka 2009 Anderson alisema hadharani kwamba kwa kufuata njia hiyo kampuni ilikuwa imeepuka gharama za dola milioni 400 hivi. Fedha hiyo ndiyo iliyolipia hatua zilizofuata. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kile kilinunua mitambo mipya.

Jambo la pili ni kwamba walibadili kwanza namna ya kufikiri, ndipo wakabadili vyombo. Mwaka 1997 kampuni ilikuwa ikijenga kiwanda Shanghai, nchi ya China. Mchoro wa kwanza wa mabomba ya kuzungusha mafuta ya moto ulidai pampu zenye jumla ya nguvu za farasi 95. Fundi wao, jina lake Jan Schilham, akautazama tena. Akachagua mabomba manene badala ya membamba, maana katika bomba nene kimiminika hupita kwa urahisi. Kisha akafanya jambo ambalo mtoto angeweza kulifanya, ila mafundi hawakulizoea: alipanga mabomba kwanza yaende sawasawa kama fimbo, ndipo akaweka mitambo mahali pake. Desturi ilikuwa kuweka mitambo kwanza, kisha mabomba yapindwepindwe kuifuata. Pampu zikahitaji nguvu za farasi 7 tu. Mabomba manene yaligharimu zaidi, ni kweli. Lakini pampu ndogo zikagharimu pungufu, na umeme ukapungua kila siku ya maisha ya kiwanda.

Nalipenda sana fundisho hili, maana na sisi tu watu wa kuweka mitambo kwanza. Twajenga jiko, kisha twatafuta kuni. Twajenga choo, kisha twatafuta maji. Twaanzisha mradi, kisha twauliza utalishwa na nini. Mabomba yetu yote yamepinda, na kila pindo hulipwa kila mwaka.

Jambo la tatu ni kwamba walikwenda shule kwa viumbe. Mchora mazulia wao, David Oakey, aliwatuma wasaidizi wake mwituni wakatazame jinsi ardhi ya msituni ilivyopambwa. Waliona kwamba majani yaliyoanguka hayafanani hata mahali pawili, walakini pote hupendeza. Wakachora zulia la namna hiyo, likatoka mwaka 2000: kila kipande na sura yake, chatandikwa upande wowote, na kikichakaa kimoja chatolewa na kutiwa kingine bila doa kuonekana. Vipande vya kutupa vikapungua, na zulia lile likauzwa sana.

Hapa nisimsifu mgeni nikamsahau mwenyeji. Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa wamekwisha kusoma shule hiyo zamani. Katika kihamba, miti mirefu hutoa kivuli, migomba husimama chini yake, kahawa chini ya migomba, na mboga chini kabisa. Ng'ombe na mbuzi hulishwa zizini kwa majani ya mgomba, samadi hurudi shinani, na maji huja kwa mfereji uliochimbwa na kutunzwa na ukoo. Hakuna kitupwacho. Kile wenye viwanda walichokiita kufunga duara, babu zetu walikiita kulima.

Jambo la nne ni kwamba walikosea, wakajifunza. Mwaka 1995 walitangaza kwamba hawatauza zulia tena kwa wapendao, bali watalikodisha: mnunuzi alipe kwa mwezi, kampuni ilitunze, kipande kikichakaa wakichukue wakakifanye upya. Wazo ni zuri sana, lakini wateja walioafiki walikuwa wachache mno. Sababu yake si uovu wa watu, bali ni madaftari. Katika maofisi mengi fedha ya kununua vifaa ilikuwa fungu moja, na fedha ya matunzo fungu jingine chini ya mtu mwingine, wala hakuna aliyekubali kubeba mzigo wa mwenzake. Basi tuandike moyoni: wazo jema huweza kufa kwa sababu ya mistari ya daftari. Atakaye kubadili kazi sharti abadili na daftari lake.

Jambo la tano ni kwamba kazi ile haikufa pamoja na mwenyewe. Kati ya mwaka 2001 na 2003 biashara ya mazulia ya maofisini ilianguka sana huko Marekani. Huo ulikuwa wakati wa kusema, Tuache mambo ya mlima, tutafute chakula. Hawakuacha, na Anderson alisema baadaye kwamba njia ile ndiyo iliyosaidia kuivusha kampuni. Mwaka 2011 Anderson alifariki. Waliobaki wakaendelea. Mwaka 2012 wakaanza, pamoja na chama cha wataalamu wa wanyama cha London, kununua nyavu kuukuu kwa wavuvi wa visiwa vya Ufilipino. Nyavu zile zilizokuwa zikitupwa pwani na kunasa samaki bure zikarudishwa kuwa nyuzi za nailoni, na wavuvi wakapata senti. Mwaka 2019 kampuni ikatangaza kwamba imeifikia shabaha yake, mwaka mmoja kabla ya siku iliyowekwa. Sisemi kwamba ni malaika. Ni watu wa biashara, na kiwanda ni kiwanda. Nasema kwamba miaka 25 walishika njia moja, na kiongozi alipoondoka njia haikuondoka naye.

4. Habari ya kutuonya

Ukisimulia habari ya aliyefaulu bila ya aliyeanguka, umeusema ukweli nusu. Kampuni kubwa ya magari ya Ujerumani, Volkswagen, ilikuwa na taarifa nzuri za uendelevu. Mwezi wa Septemba mwaka 2015 iliwekwa mbele ya makampuni yote ya magari katika orodha mashuhuri ya makampuni yanayosifiwa kwa jambo hili. Mwezi huo huo, serikali ya Marekani ikatangaza kwamba magari yake ya dizeli yalitiwa hila: chombo ndani ya gari kiliweza kutambua kwamba gari lipo katika kupimwa, kikapunguza moshi wa sumu, likitoka barabarani, moshi ukarudi. Kampuni ikakiri kwamba magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na chombo kile. Ikaondolewa katika orodha ile, mkuu wake akajiuzulu, na hasara ikapita euro bilioni 30.

Kwa nini ilitokea? Kwa sababu sifa zilikaa katika karatasi, na amri za kila siku zikadai jambo jingine. Mafundi waliambiwa waifikie shabaha ya kuuza, na gharama isipande, na sheria ya moshi itimizwe; haya yote hayakuweza kukutana, wala hapakuwa na mtu wa kuwaambia wakubwa hivyo bila hofu. Hapo ndipo hila huzaliwa. Walimu, jihadharini nalo hili katika shule zenu. Mkuu akidai hesabu nzuri tu, ataletewa hesabu nzuri tu.

5. Sisi je?

Najua kuna atakayesema, Hayo ni mambo ya matajiri. Sisi ni maskini. Namjibu: tajiri aweza kupoteza kuni leo na kesho akanunua gesi. Maskini akipoteza, amepoteza. Upotevu ni anasa ambayo sisi hatuiwezi. Na Anderson hakuanza kwa kununua vitu vya gharama. Alianza kwa kuokota kilichokuwa kikianguka sakafuni.

Mwingine atasema, Hii ni kazi ya Serikali. Serikali imekwisha kusema sehemu yake. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, nao wataka asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu wengi, na shule zimo, zilikwisha kuagizwa ziache kuni na mkaa. Basi majiko ya shule yetu si shauri la hiari. Yatabadilika kwa busara yetu, au yatabadilika kwa haraka na hasara.

Mwingine atasema, Wazee wetu walichoma matofali kwa kuni, na kanisa hili likajengwa. Ni kweli, nasi twawashukuru. Lakini siku zile watu walikuwa wachache, na msitu ulifika mtoni. Kuwaheshimu wazee si kukata mti wa mwisho kwa shoka lao. Wao walitafuta njia iliyofaa wakati wao. Na sisi imetupasa vivyo hivyo. Leo yapo matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashini ya mkono, udongo na saruji kidogo, nayo hayachomwi kabisa. Katika nchi ya Kenya viwanda vya chai vya wakulima wadogo hukausha chai kwa moto wa kuni, na vingi vyao hununua ardhi na kupanda miti ya kuni, wakijua kwamba bila kuni chai itaozea mikononi. Hao wamefanya ile ile hesabu ya Freiberg.

6. Shauri langu

Basi naweka mbele yenu mambo matano, mafupi, mpate kuyachambua.

La kwanza: kila kazi ya jimbo iwe na ukurasa wa pili katika daftari. Ukurasa wa kwanza uandike fedha, kama ilivyo desturi. Ukurasa wa pili uandike kuni zilizoingia, maji yaliyotumika, udongo uliochimbwa, miti iliyokatwa, na miti iliyo hai. Nasema miti iliyo hai, si miti iliyopandwa. Maana kwa kupanda tu tumejisifu mara nyingi, na mbuzi wakala sifa zetu. Kurasa zote mbili zisomwe pamoja mbele ya baraza, wala ya kwanza isipitishwe bila ya pili.

La pili: tusiunde kamati ya mazingira iliyo peke yake. Jambo liwekwe katika kazi ya kila msimamizi, na jina lake liandikwe. Kilicho cha wote bila jina, huwa si cha mtu.

La tatu: waulizwe wenye kujua. Mpishi wa bweni ajua sufuria ipi hula kuni nyingi na kwa nini maharagwe yasiyolowekwa hukaa motoni mpaka usiku. Mtoto achotaye maji ajua bomba livujalo. Tuwaulize kabla ya kumwita mtaalamu, na shauri lao likitufaa, wapewe heshima mbele ya watu.

La nne: kilichookolewa kiwekwe fungu lake. Tukipunguza kuni za bweni, fedha ile isimezwe na karamu wala na safari. Iwe akiba ya hatua ya pili, na ya pili ilipie ya tatu. Akiba haiozi.

La tano: kila mwaka tusome hadharani mambo tuliyoshindwa pamoja na tuliyofaulu. Mwalimu atakayeleta hesabu mbaya iliyo ya kweli asiaibishwe. Aibishwe yule aletaye nzuri iliyo ya uongo.

Na juu ya kura ya mchana huu, nitasema wazi, nisije nikajificha nyuma ya mifano. Nadhani fedha za Jubilei zianze jikoni kwa shule. Hapo upotevu ni mkubwa, sheria imekwisha kutoa amri, na kitakachookolewa kitaonekana katika mwaka mmoja. Tanuru lingoje. Badala yake inunuliwe mashini moja ya matofali yasiyochomwa, ijaribiwe kwa kujenga vyumba viwili vya walimu, na hesabu yake iletwe mbele yenu. Ikiwa yatafaa, kilima kimepona. Ikiwa hayatafaa, tutajua kwa kuona, si kwa kubishana. Na hapo tutaweza kulirudia shauri la tanuru, kwa sharti kwamba shamba la kuni lipandwe na kukomaa kwanza. Mabomba kwanza, mitambo baadaye.

Wako watakaoona uchungu, maana tanuru lingewapa vijana wetu kazi tangu mwezi ujao. Sipuuzi neno hilo. Vijana hao ni wanangu na wanafunzi wangu. Lakini kazi ya miaka mitano inayowaachia chemchemi kavu si kazi, ni deni. Tuwape kazi ya kufyatua matofali yasiyochomwa, ya kujenga majiko, na ya kutunza miche. Hizo nazo ni kazi, na mshahara wake hautolewi katika kinywa cha mdogo wao.

Ndugu, sisi hatukupewa ardhi hii tuwe wenye mali. Tumepewa tuwe mawakili. Na wakili hapimwi kwa karamu aliyoiandaa siku alipokuwa na funguo, bali kwa hali ya ghala siku anapozirudisha. Waliotutangulia wametukabidhi chemchemi inayotoka maji. Na sisi tuwakabidhi wajao chemchemi ile ile, nayo ingali ikitoka.